Posa Uliyoirudisha

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ningeanzaje na wewe bila shikamoo?

Jana niliangalia filamu na wanangu. Mtoto kaona uhalifu, wabaya wanamsaka asifike mahakamani, kila kona askari wanamlinda. Ungekuwepo ungeisema mpaka iishe: "Bunduki zote hizo za nini, na mtoto mwenyewe hata uji hajanywa!" Wanangu wakauliza mbona mama analia. Nikawahadithia habari zako.

Nilikuwa na miaka tisa, unanilea peke yako baada ya wazazi wangu kufariki. Mchana kweupe, natoka madrasa pale Bagamoyo mjini, nikamwona Rajabu, kijana wa mtaani kwetu, akimpiga nondo mlinzi wa ghala la mashine za boti. Mlinzi alipona, lakini macho yakapotea, hakuweza kumtambua aliyempiga. Watu wazima waliokuwa barazani wote walisema hawakuona kitu. Nikabaki mimi.

Basi ukanihamishia Mlingotini, kwa wenzako wanaolima mwani. Maji yakipwa tunashuka kufunga mbegu kwenye kamba, mimi katikati yenu. Siku moja mtu wa pikipiki akaja mpaka ufukweni kuniuliza, "We mtoto, kesi yako lini?" Loo! Mlisimama wote na visu vya kukatia kamba, mkamkaribisha kwa adabu kabisa. "Karibu, baba. Una shida gani?" Hakurudi tena. Mpaka leo nikikumbuka nacheka.

Lakini baadaye walikuja wengine, wamevaa kanzu na kofia safi. Salum, kaka yake Rajabu, mtu mpole aliyefiwa na mkewe, alikuwa ameleta posa kwako. Nilikuwa nyuma ya pazia. Washenga walisema wanatafuta udugu, na udugu ukishaingia, mtoto wako hawezi tena kumsema Rajabu mbele ya hakimu. Ukoo mzima ulitaka ukubali. Wewe ukawamiminia kahawa, ukasema, "Nimefurahi, wazee wangu. Mtoto akishasema alichokiona, njooni tena. Nitakubali."

Siku ya kesi hakimu aliniuliza kama naahidi kusema kweli. Nikakutafuta, nikakuona benchi la mbele, unatabasamu utadhani niko kwenye maulidi nasoma kasida. Nikasema yote. Rajabu akafungwa, na hakuna aliyenigusa hata unywele. Washenga hawakurudi.

Miaka mingi nilidhani Salum alikuwa si kitu kwako. Hukumtaja hata mara moja, wala hukuwahi kunionyesha uso wa kinyongo. Ulinisomesha, ukanicheka nilipounguza wali, ukanipamba mwenyewe siku ya harusi yangu. Mwaka jana, ukiwa kitandani, ndipo nikakuuliza kama ulimpenda.

"Nilimpenda mno," ulisema. "Nilijua kwa nini kaleta posa, na bado nilimngoja. Nikasema labda atakuja."

Nikaanza kukuomba radhi, ukanikatiza. "Radhi ya nini? Mimi nilimchagua mwanangu. Hebu nipe maji."

Nikakupa maji. Siku mbili baadaye tukakuzika. Asante, Shangazi. Ndilo neno nililotaka kulisema pale nikiwa nimekushikia bilauri. Asante sana.

Allah akurehemu.

Mwanao, mtoto wa kaka yako