Majibu Uliyoahidi Kakuma, Dkt. Atabo Lokeno

Mwaka umezunguka, Atabo, tangu malaria ikutwae hapa Lodwar, Juni 2012, na nyumba yako haijatulia.

Mumeo Barasa ndiye hakaliki kabisa. Kila alfajiri anajaza chupa ya chai kana kwamba bado una safari. Gari likisimama barabarani, keshatoka: "Mnatoka Kakuma? Agot anasemaje?" Tunamwambia, shemeji, keti. Anakaa kidogo, mara ameinuka.

Wenzako chuoni walichunguza umaskini kila mtu na idara yake. Wewe uliwapakia gari moja, mchumi, muuguzi, daktari wa mifugo, wakabishana kutoka Kainuk mpaka hapa. Mchumi alipomuuliza mama mmoja ana mbuzi wangapi, mama akanuna. Kwetu mifugo haihesabiwi mbele ya wageni. Wewe ukauliza majina ya wanaokamuliwa, na mama akaongea mpaka chai ikapoa. Hukumfikia mtu bila tumbaku na sukari mkononi.

Kule Kakuma penye kambi, Akoru muuza kuni, Mturkana wa hapo, na Agot mkimbizi kutoka Sudan Kusini waliapa, kila mmoja, kwamba mwenzake ndiye anayeshiba. Ulicheka, ukawaahidi: "Nitarudi. Mtasikia mlichosema kabla wakubwa hawajasikia." Hukuwahi kurudi.

Mwezi uliopita utafiti wako ulisomwa hotelini Nairobi. Makofi, chakula, wakubwa wakasema kazi imekamilika. Barasa akasimama: "Agot ameshasikia? Na Akoru?" Wakaendelea kula. Akatoka bila kula, nawe unajua alivyo na chakula. Jamani, ilituuma!

Basi Jumamosi hii hatuketi nyumbani kulia. Tunakwenda Kakuma. Padri ataomba, kisha Barasa atasoma majibu ya utafiti kwa Kiturkana chake kile cha mtu wa Bungoma kilichokuwa kikikutoa machozi kwa kicheko. Amefanya mazoezi mpaka mbuzi wamemchoka. Chol, mwana wa Agot, atamtafsiria mama yake.

Tulipopeleka habari, Akoru alijibu: "Mwambieni Barasa aje. Mimi na Agot tumeshaulizana wenyewe, tunajua hakuna anayeshiba. Lakini Atabo aliahidi."

Unakumbukwa na mumeo Barasa, mwanao Levis, mama yako Mama Lokeno, wadogo zako Sally na Emuron, na ukoo wote wa Lodwar na Bungoma.

Pumzika wewe, Atabo. Sisi tuko njiani, na daima tutakukumbuka.