Kengele Uliyoiomba

Mpendwa yaya Faida,

Nakuandikia hapa, mbele ya watu wote, kwa sababu kule tulikozoea kuandikiana hakuna njia tena. Usikasirike kabla hujafika mwisho. Nakujua, dada yangu: wewe unakasirikaka kwanza, kiisha ndiyo unauliza.

Unakumbuka mtaa wetu wa Cimpunda wakati wa mvua, njia yetu ikigeuka matope mpaka magotini? Ulikuwa unanibeba mgongoni mpaka shuleni, mimi mtoto mkubwa, viatu vyangu umevishika mkononi visichafuke. Vijana wa njiani walikuwa wanatucheka. Ukawajibu, bila hata kugeuka, "Mucheke tu! Huyu mutoto atasoma." Nilisoma, yaya. Nikaingia mambo ya ordinateri, hizi kompyuta, wewe ukaingia ukunga, na siku uliyopangwa kazi kule mbali Shabunda mama alilia kama mwenye msiba. Wewe ulikuwa unafunga kabegi kako. "Na kule wanamuke hawazalake?" ukasema. Ukaenda.

Mara ya mwisho ulipokuja Bukavu ulikuwa umekonda. Tulikaa ofisini kwetu Nguba, mimi na wewe na sahani ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, ukaanza kuninyooshea kidole chenye mafuta kuhusu ile tovuti ninayoitunza, ambamo wakunga wa vituo vya mbali wanaandikiana na madaktari wa mjini.

"Tovuti yako iko makaburi," ulisema. "Mutu anaandika, message inalala mule mupaka siku mutu atajisikia kufungua. Maman mumoja alivuja damu mbele yangu, niliandika asubuhi ile ile. Docteur wa zamu aliiona siku gani? Tulishamuzika! Tia kengele. Mutu akiniandikia, simu ilie."

Nilikukatalia. Nilikuambia unajua vizuri mambo ya barieri, vile vizuizi vya njiani, wale wenye bunduki wanavyochukua simu za watu na kuzisoma. Simu ikilia mkononi mwao na jina la daktari juu yake, na maneno "mgonjwa wa risasi", mkunga atajieleza vipi?

Ukasonya. "Basi isiseme kitu. Ilie tu, kama bip ya mutu asiye na unité za kupiga. Miye nitajua ni ya kufungua."

Tukakubaliana hivyo. Kengele bila jina, bila neno. Ulifurahi kama umenishinda, na kweli ulikuwa umenishinda, ukamalizia sambaza zangu pia.

Kesho yake ulipanda moto, pikipiki ya kukodi, kurudi Shabunda kwa njia ya Mwenga. Motari alirudi bila wewe, kwa miguu, bila pikipiki yake. Alituambia kwenye barieri moja walikuteremsha, yeye wakamfukuza. Alipogeuka akakuona unabishana nao. Bila shaka ulikuwa unabishana! Kwa nini hukunyamaza, yaya? Mara moja tu katika maisha yako, ungenyamaza! Nina hasira na wewe mpaka leo, na nikimaliza hasira naona aibu, kwa sababu sijui kama nakasirikia mtu aliye hai.

Nilirudi kwenye kengele yako. Umeme unakatika, connexion inakatika, mjini watu wanatembea wameinamisha vichwa, mimi natengeneza kengele. Na kila wiki nilikuwa nakuandikia mule ndani ya tovuti, nikijua hakuna anayesoma. Kwamba mguu wa mama umevimba. Kwamba bei ya unga imepanda tena. Kwamba nimekukumbuka.

Juzi mchana nikaiwasha. Haikupita muda wakunga wakaanza kuandika kutoka kila pembe, "Imelia! Imelia na huku!" Mmoja akaandika kwamba docteur amemjibu kabla hajamaliza kunawa mikono. Nililia mbele ya watu, bila haya. Nikasema, Faida, umeona?

Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba kengele ingelia pia kwa barua zote za zamani ambazo hazijafunguliwa. Pamoja na zangu kwako, kwenye simu yako popote ilipo. Nilipofungua ukurasa wetu, kando ya barua zangu kulikuwa kumetokea neno moja, juu mpaka chini: imesomwa, imesomwa, imesomwa.

Nilipiga kelele mpaka Docteur mkubwa wa ofisi yetu akaja mbio. Nikaandika, "Yaya, ni wewe? Mama alikuwa anakuitaje ukiwa mutoto?" Hiyo hakuna mtu wa nje anayeijua. Tukangoja. Ikasomwa. Tukangoja tena, na jibu likaja.

"Uko wapi?"

Hakuna kingine. Wewe hujawahi kuniandikia bila kuanza na "mudogo". Hata siku za kugombana, ulikuwa unaandika "mudogo" kwanza ndipo unanitukana.

Docteur alikaa kwenye kiti karibu yangu. Akaniambia polepole. "Maman, mwenye simu ile ameingia kwa jina la yaya yako, anasoma sasa yote ambayo wakunga wanaandikiana. Vijiji. Majina. Wagonjwa waliofichwa. Lazima tumufungie njia leo."

"Na kama ni yeye, Docteur?"

"Kama ni yeye, hayuko peke yake."

Nilimchukia kwa maneno hayo. Nilimwambia anipe mpaka jioni, akasema jioni wakunga wangapi watakuwa wameandika? Nikawaona akilini wenzako wote, wale wasichana uliowafundisha mwenyewe kukata kitovu, simu ziko kwenye mifuko ya blauzi zao wakipita barieri, na mtu asiyejulikana amekaa mahali anasoma wanakokwenda. Na upande mwingine nilikuona wewe, kwenye chumba fulani, umeshika simu ile, unaingoja ilie.

Mama ananiuliza kila siku kama umeandika. Jana nilimwambia network iko mbaya. Akasema, "Ikirudi, mumusalimie." Sijui nitamwambia nini, wala lini. Pengine atausikia huu waraka kwa jirani kabla sijapata nguvu.

Kama uko mahali, yaya, na mtu akakusomea haya, ujue sikukuacha kwa kuchoka kukungoja. Njoo nyumbani kwa njia yoyote. Na kama hupo tena, Mungu akupokee na kelele zako zote.

Nilipobonyeza kufuta jina lako kwenye tovuti, mashine iliniuliza swali ambalo niliandika mwenyewe zamani, bila kufikiri, kama tunavyoandikaka sisi wa kazi hii: Una hakika?

Sikuwa na hakika, yaya. Nikabonyeza ndiyo.

Mudogo wako