Mkono Niliompungia Mwanangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepigwa picha na serikali. Ngoja niandike kama ilivyokuwa, maana jirani yangu wa juu, Mama Ghorofani, ameshaanza kusimulia kwa namna yake, na yule ukimpa sindano anakurudishia shoka.

Nilikuwa nampeleka kliniki, goti lake lile. Nyuma ya gari nimepakia mapazia ya mwalimu mkuu, yale ya maua, nimshushie kwa njia moja. Tukakaribia makutano ya njia nne, pale walipoweka kamera mpya. Nikamwambia — unaiona ile? Ile juu ya mlingoti, kama kichwa cha bata? Mwanangu ndiye anayetazama kule ndani! Kati ya vijana wote waliofanya usaili wamemchukua yeye na wawili wengine. Akasema nilishamwambia. Kweli nilishamwambia, lakini kamera yenyewe hakuwahi kuiona. Nikamwambia basi mpungie. Akasema goti linamuuma. Goti na mkono wapi na wapi! Nikapunga mimi. Mkono mzima, mpaka nikanyanyuka kidogo kitini.

Na ile kamera ikamulika. Pwaa! Mwanga mweupe.

Nikasema, umeona? Mwanangu kaitikia!

Mama Ghorofani kashika dashibodi kwa mikono miwili. Hakuiachia mpaka geti la kliniki. Ndipo akafungua mkanda taratibu na kusema, "Mwenzangu, taa ilikuwa nyekundu."

Jumanne, 4 Machi

Nimekata pazia la watu fupi. Kiganja kizima! Miaka ishirini na sita kwenye cherehani sijawahi.

Jioni Afisa wangu karudi. Namwita Afisa tangu apate kazi. Yeye hapendi, lakini kuzaa nilizaa mimi. Nikamwekea chakula, nikakaa mbele yake, nikasema — kuna mteja wangu mmoja, mwanamke mtu mzima, mwenye heshima zake, kapita taa nyekundu kwa bahati mbaya. Anafanywaje?

Kanieleza vizuri, anaeleza kama mwalimu yule mtoto. Mashine inapiga picha. Afisa mmoja anaithibitisha: taa rangi gani, magurudumu yamevuka mstari mweupe au la. Anaweka saini. Dereva anapata ujumbe ndani ya siku kumi. Mzoefu anaandikiwa faini, yamekwisha. Lakini mwenye leseni chini ya mwaka mmoja, leseni inachukuliwa. Anaanza upya, na mtihani juu.

Upya! Mimi leseni yangu ina miezi minne. Mtihani nimeufanya mara tano. Na zile nne za kwanza sikushindwa, mtahini alikuwa hapendi wanawake wanaojiamini.

Nikamwongezea mchuzi. Nikauliza, na kama huyo dereva ni ndugu yake afisa?

Kasema afisa anajaza karatasi ya kusema ni ndugu yangu, faili anapewa mwingine. Akinyamaza akagundulika, anafukuzwa. Hasa kama bado yuko kwenye majaribio.

"Na wewe majaribio yako yanaisha lini, baba?"

"Mwisho wa mwezi ujao." Kisha kanitazama. "Huyo mteja wako ni nani, Mama?"

Nikasema amehama mji.

Alhamisi, 6 Machi

Kinyozi wa pale chini kaja na ujumbe wake kwenye simu. Naye kapigwa picha. Anataka nimwambie Afisa aifute. Amejuaje? Mimi nilimwambia! Kinyozi nilimwambia, wa duka la dawa nilimwambia, yule anayekuja kusoma mita ya maji nilimwambia mara mbili.

Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni. Mwanangu hapokei hata pipi! Sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma!

Kinyozi kaweka simu mfukoni, pole pole. "Sawa, Mama Afisa. Siku ikikukata wewe, uniite nikushikie taa."

Nikamfungia mlango.

Mchana nilikuwa na dirisha la kupima ng'ambo ya makutano. Sikuwa na njia nyingine. Nikasema leo nitaiheshimu ile taa mpaka yenyewe ione haya. Nikafika — kijani. Nikasimama. Ilipogeuka nyekundu nikasimama. Ilipogeuka kijani tena nikasema hapana, bado kidogo. Nyuma honi kama harusi! Dereva wa lori la mchanga kashuka, kaja dirishani kwangu.

"Mama, gari imezima?"

"Haijazima. Natii."

"Unatii nini?"

"Kwa jumla."

Kashika kichwa, karudi kwenye lori lake. Kamera sikuipungia. Niliinamisha kichwa tu, kwa adabu, kama unampita mkwe.

Jumamosi, 8 Machi

Mama Ghorofani kashuka na goti lake, ngazi zote zile, kwa sababu ana mpango. Tuseme kulikuwa na nyuki.

Nyuki gani?

Ndani ya gari! Nilikuwa simpungii mtu, nilikuwa nafukuza nyuki. Dharura. Yeye atakuwa shahidi. Kaanza hapo hapo kukariri: nyuki aliingilia dirisha la kushoto, mkubwa, rangi ya kahawia, akatua kwanza kwenye dashibodi, akatafakari. Nikamwambia nyuki hatafakari. Akasema huyu alitafakari, yeye alikuwepo, mimi nilikuwa natazama kamera.

Tumefanya mazoezi. Yeye nyuki, mimi mimi. Tumevunja kikombe.

Alipopanda zake nikajiangalia kwenye kioo. Mwanangu ndani ya ofisi anaapa kusema kweli, mama yake nyumbani anafundishwa nyuki.

Jumapili, 9 Machi

Afisa kaosha gari langu. Hakuombwa. Kaosha hadi matairi. Nikamuuliza kulikoni. Kasema hakuna kitu.

Mtoto wangu huyu, tangu azaliwe, hajawahi kuosha kitu bila sababu.

Jumatatu, 10 Machi

Ujumbe umeingia saa nne asubuhi. Natakiwa ofisini kwao Ijumaa, na leseni mkononi. Nimeusoma mara saba, kisha nikausoma kwa sauti, labda kwa sauti ungekuwa mwingine.

Jioni sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Nikamwonyesha simu. Hakuishika. Kakaa.

"Najua, Mama. Saini niliweka mimi."

Nikasema, nini?

Basi kaeleza. Jumanne asubuhi picha ilitokea kwenye mashine yake yeye. Mkono wangu umefunika uso wote, lakini kidoleni ilionekana kastabini, kile kikofia cha kusukumia sindano. Nilisahau kuivua, nilikuwa nimetoka kushona pindo! Mwenye kuendesha gari na kastabini mji huu ni mmoja tu, kasema. Kabla hajafanya lolote wa meza ya jirani keshaiona, kaita wenzake, wamekizunguka kiti chake, wanacheka wanapigana makofi. Bosi mwenyewe kaja. Kaichapisha kwenye karatasi, kaibandika pale kwenye birika la chai. Wamenipa jina — Bi Harusi, kwa kule kupunga na yale maua ya nyuma.

"Nilikuwa na karatasi ya kusema ni ndugu yangu, ipo hapo mezani," kasema. "Ningewaambiaje, Mama? Wote wanacheka. Nikaweka saini, nikapitisha. Taa ilikuwa nyekundu kweli. Sikudanganya chochote kwenye picha."

"Na wewe ulicheka?"

Kainama kufungua kamba za viatu. Namjua akiinama hivyo, alikuwa hivyo hivyo siku alipovunja redio.

"Kidogo."

Nikaenda jikoni kuosha sufuria zilizokuwa safi.

Sasa niandike ukweli, hapa hakuna mtu. Nusu ya moyo inajisifu. Angeweza kuifuta ile picha! Hakuifuta. Kamshtaki mama yake mzazi! Nionyesheni mtoto mwingine wa hivyo, mtaa huu, mji huu! Nataka nipande ghorofani sasa hivi nikamwambie. Lakini nikifika kwenye lile neno, kidogo, miguu haipandi.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbili sijamtaja Afisa kwa mtu yeyote. Mdomo unaniwasha kama upele. Msoma mita kaja, kauliza, vipi Afisa? Nikamwambia mita iko nyuma ya mlango.

Nimemwambia Mama Ghorofani hakuna nyuki. Kaumia sana. Alishamchora.

Afisa kanielekeza ya Ijumaa huku anatazama sahani. Fomu ina maswali tisa. Maelezo yangu yakiwa mazuri bosi anaweza kutoa onyo tu, leseni nikarudi nayo. Bosi si mtu mbaya. Lakini swali la saba linauliza, una uhusiano wowote na mtumishi wa ofisi hii? Viboksi viwili, Ndiyo na Hapana.

"Weka Hapana, Mama. Mimi nina jina la marehemu Baba, wewe una la Babu. Hayafanani. Hakuna atakayejua."

Nikamuuliza, yaani nikukane?

"Ni kiboksi tu, Mama."

Mimi! Niliyesimama foleni na watu kliniki, mtoto wa wiki moja mgongoni, nikawafunulia waliotaka kumwona na wasiotaka!

Lakini nikiweka Ndiyo, saini yake ile ile ndiyo itakayomfukuza. Nikamwambia nimesikia. Kamalizia kula, kasema ahsante, kabeba sahani mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Naandikia hapa hapa ofisini kwao, kwenye kiti cha plastiki, daftari juu ya fomu. Nikiandika natulia.

Nimevaa gauni la zambarau. Nimefika mapema. Binti wa dirishani kanipokea vizuri, kanipa kalamu, kanionyesha picha yangu, kauliza, ni hii, mama, ndiyo wewe? Nikasema ndiyo mimi. Jamani — nimetoka vizuri! Mkono umenyooka, pazia la maua linaonekana nyuma kama bustani. Mama Ghorofani pembeni kama mtu aliyemeza ndimu. Nikauliza kama naweza kupata moja ya kwenda nayo. Kasema hakuna aliyewahi kuuliza.

Chumba chao kiko nyuma ya kioo kikubwa. Nilijua ataniona. Nilisema sitamtazama, nikamtazama kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Meza ya tatu. Ana mashine mbili! Hakuwahi kuniambia ni mbili.

Nimejaza jina. Kazi, nimeandika fundi mapazia, nikaongeza mashuhuri. Maelezo: nilipita taa nyekundu, nilikuwa natazama juu, sitarudia. Nyuki sijamweka. La nane na la tisa ni tarehe na saini, nimeweka.

La saba liko wazi.

Binti wa dirishani kauliza, umemaliza, mama? Nikasema bado moja. Kasema haraka basi, bosi anakuja kuichukua mwenyewe, anataka kukuona.

Kaja. Mtu mzima, ana kitambi cha amani, miwani shingoni kwa kamba. Kanisalimia shikamoo, na nadhani tumelingana. Katazama gauni, katazama mkono wangu, kacheka, si kwa ubaya.

"Mama, wiki nzima humu ndani hatufanyi kazi, tunabishana. Huyu anasema ulikuwa unasalimia mtu dukani, huyu anasema ulikuwa unaimba. Onyo nitakupa, usiwe na wasiwasi. Niambie tu — ule mkono ulikuwa unampungia nani?"

Nimemwambia ngoja nimalize kuandika. Anadhani naandika fomu.

Amesimama. Ananisubiri. Ni mpole kweli. Nyuma yake, kwenye kioo, mwanangu ameinamia mashine zake zote mbili kama kuna kitu kimedondoka ndani. Wenzake wamegeuka wote kunitazama, yeye tu ndiye hajageuka.

Tai yake imepinda.

Imepinda kabisa! Imekwenda kushoto, karibu inafika begani, na kola imeinuka nyuma kama sikio la mbuzi. Wamo kumi na mbili humo ndani, wanalipwa kwa kutazama, na hakuna aliyeona! Mtu yeyote angeweza kumwambia. Mtu yeyote angenyoosha mkono tu.

Bosi anasema, "Mama?"

Nimeshika kiti kwa mkono wa kushoto. Nimekishika kwa nguvu. Nahesabu hadi kumi — mmoja wao akiinyoosha kabla sijafika kumi, naweka Hapana, naenda zangu nyumbani na leseni yangu. Moja. Mbili. Wanampita tu! Yule wa meza ya jirani kampita na kikombe cha chai, hata hakugeuka! Tatu. Nne — miguu, tulieni, msinipeleke kwenye ile tai. Tano —