Soksi ya Mkono Juu ya Jiko

Jumatano.

Nina hasira na sina wa kumkasirikia. Asubuhi mama mkwe alipata soksi yangu ya mkono ikiwa bado na maji, akaianika juu ya jiko, vile tunakausha kila kitu na hii baridi ya Mau Narok. Sasa moto umeilegeza, na kazi yake ni kubana mkono usifure tangu nikatwe titi.

"Nilitaka uivae ikiwa na joto, Mama Ciku," akaniambia.

Nikasema asante. Ningesema nini?

Nimepima mkono kwa tepu ya kushonea mara tatu. Haujafura. Naona kama umefura. Hadi nifike Nakuru kutafuta nyingine...

Jioni mama mkwe alininyang'anya kisu, akamenya viazi vyote peke yake. Hakuniangalia hata mara moja.

Amejua ameiharibu soksi.