Chungu Chenye Kidole Chako

Baba Atupele, mume wangu,

Leo asubuhi ukungu ulilifunika ziwa lote, nikasikia kama kasia linagonga mtumbwi. Nikasema, huyo, karudi! Nikasimama na udongo mkononi mpaka jua likatoka. Hapakuwa na mtu. Tangu askari wa Wadachi wakuchukue ukawabebee mizigo ya vita, masikio yangu yamekuwa ya kijinga hivyo.

Unakumbuka uliporudi kutoka kazini kwa Waingereza, ng'ambo ya mto Songwe? Ulikuja na maneno yao. "Mama Atupele, wenzetu husema mkate na siagi." Nikauliza ndiyo nini. Ukasema ni vile ambavyo mtu akivikosa hawezi kuishi: chakula, riziki ya kila siku. "Mvuvi atasema samaki ndio mkate na siagi wake. Wewe utasema vyungu." Nilicheka mimi! Mkate sijauonja, siagi sijaiona, halafu nisiweze kuishi bila hivyo? Tangu hapo ukitaka ugali unaomba mkate na siagi, hadi mtoto akaiga.

Siku hiyohiyo ukajifanya kunisaidia. Ukanyanyua chungu kikubwa kabla hakijakauka, na mikono yako hiyo ya kuvuta nyavu, kidole gumba kikazama shingoni mwake. Nilikufokea hadi majirani wakachungulia. Tulikichoma hivyohivyo, na sikukitoa nyumbani kamwe.

Jana kimekwenda. Askari walikomba nafaka yetu yote, na Atupele alikuwa na siku mbili za uji mwepesi. Akaja mama mmoja wa Bujonde na mahindi, akakitaka hicho, maana vingine vyote vilikuwa vibichi. Desturi yetu unaijua: anayekitaka anakijaza, nafaka inabaki, chungu kinaondoka. Alikijaza mpaka mdomoni. Tukayamimina mahindi kapuni, lakini mikono yangu ikakataa kukiachia chungu. Akaniangalia, akakaa chini.

"Usiwe na haraka, dada," akasema.

Nikachukua donge la udongo, nikalikandamiza juu ya alama yako. Nilipolibandua, kidole chako kilikuwa kimetokeza, kinene vilevile. "Ndaga," nikamshukuru, naye akaenda na chungu chake.

Atupele ameshiba. Donge nimelichoma leo, bado lina joto, nimelishika mkono mmoja huku naandika. Waingereza hawakulitia donge kama hili kwenye msemo wao wa mkate na siagi. Mimi nimelitia.

Rudi, baba. Vyungu vibichi vimejaa uani, nyanyua chochote utakacho.

Akungojaye,
Mama Atupele