Kumchagulia Otim Pistoni

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mfereji wa mbele umefurika tena, Katwe yote inanuka kutu na maji machafu. Nimefungua pawasoo tatu, misumeno ya injini ya kukatia miti, kabla ya chai. Mbili ni uchafu wa kabureta tu. Ya tatu ni ya kaka yangu, Otim.

Silinda imepona. Pistoni imekwisha. Upande wa ekzosi umekwaruzwa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Petroli bila oili ya kutosha. Akiulizwa atasema mashine imezeeka. Mashine haijazeeka. Mwenyewe ndiye anayezeeka, na mimi namfuata nyuma.

Anaitaka kabla ya Pasaka. Kuna mkaratusi kule Ggaba umeinamia nyumba ya watu, na ameshawaahidi kuupanda na kuukata kutoka juu. Otim akishaahidi, harudi nyuma hata kwa dawa.

Nimechoka na wiki ndiyo kwanza imeanza.

Jumanne, 8 Aprili

Kwa Nalongo, muuza spea. Orijino hakuna, na ikiwepo bei yake haikai mifukoni mwa watu kama sisi. Zipo za kuiga, boksi zima, kila moja na jina lake la kujipa. Wateja wanazipima kwa kiganja. Ile nzito ndiyo nzuri. Katwe nzima inaamini hivyo.

Kwa mashine ya kusaga mahindi, labda. Kwa pawasoo ni ujinga. Pistoni nzito ikipanda na kushuka inaitikisa mashine yote, na mtikisiko ule hauna pa kwenda ila mikononi mwa aliyeishika. Nimeyasema haya mpaka mdomo umekauka. Otim ndiye kiongozi wa wasiosikia. Kila mara huchagua nzito, nami humfungia, maana mashine ni yake na yeye ni mkubwa wangu.

Nimechukua mbili, nzito na nyepesi. Nyepesi imechongwa vizuri, matundu hayana makali, ringi zinakaa. Nitamwonyesha. Atakataa.

Jumatano, 9 Aprili

Alikuja mchana na buti za tope. Nikampa zote mbili, moja kila mkono. Akapima, akapima. Akainua ile nyepesi.

"Hii ndiyo nzito. Funga hii."

Nikacheka. Tangu tukiwa watoto kambini, baba akiwa askari, Otim hajaacha kunitania. Lakini hakuwa anatania. Nikamwambia apime tena. Akapima, akainua ileile, akakasirika, akaondoka.

Kwa hiyo nimeshinda. Nyepesi ameikubali kwa mdomo wake. Ningeweza kuifunga palepale nikaenda kula. Sikuifunga. Otim hajawahi kukosea uzito.

Alhamisi, 10 Aprili

Shemeji Akello, mke wa Otim, amekuja kwenye karakana. Si kawaida yake.

Anasema Jumapili Otim alitoa sufuria kwenye sigiri bila kitambaa, akaibeba hadi mezani huku anaongea. Akello ndiye aliyepiga kelele. Otim mwenyewe hakusikia hata joto. Jana niliona plasta vidoleni mwake, nikadhani ni mambo ya kazi. Asubuhi za mvua vidole vinakuwa vyeupe mpaka kwenye viungo. Nesi alimwambia aachane na mashine za kutikisika. Aliyeachana naye ni nesi.

"Shemeji, yeye akipanda ile mti, ataanguka. Wewe chelewesha tu hiyo masini."

Nina hasira. Nina hasira na Otim, na mkaratusi wa watu, na kila pistoni nzito iliyowahi kupita kwenye benchi hili. Na woga pia. Juu ya mti mtu anajishikilia kwa mikono.

Nimeamua kuchelewesha.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimempigia Otim. Nimesema ringi za ile pistoni zimekaza, nairudisha kwa Nalongo. Uongo mtupu. Kisha nikaenda msikitini nao. Imamu anahubiri, mimi nawaza uongo wa Jumatatu.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nimesema pini haiingii. Baada ya chakula cha mchana nikasema mshale wa juu ya pistoni umechorwa vibaya, sijui upande upi uelekee ekzosi. Huo ulikuwa uongo wa kijinga. Otim ndiye aliyenifundisha kazi hii. Alikata simu. Afadhali angenitukana.

Nalongo naye amenichoka. Nachukua, narudisha, nachukua.

"Mzee Lashidi, pistoni yote umekataa. Sasa wewe unataka ya dhahabu?"

Waliokuwepo wakacheka. Fundi wa pawasoo asiyeweza kuchagua pistoni. Kesho habari itakuwa imefika barabara kuu. Wacha ifike.

Jumanne, 15 Aprili

Mwenye nyumba wa Ggaba ameipata namba yangu. Upepo wa jana umeuinamisha mti zaidi. Watoto wamehamishiwa sebuleni, wanalala sakafuni, mbali na upande ule. Aliniuliza kwa upole mashine itakuwa tayari lini. Nikasema karibuni. Bora angefoka.

Nikiharakisha, Otim anapanda. Nikichelewa, mti unawaangukia watoto wa watu. Sikuwa nimeyafikiria ya pili.

Nikamtafuta Kizito, mpanda miti wa Kyambogo. Kijana wa kazi, miguu mizuri. Akakataa. Wapanda miti wana sharti lao. Mti ulioahidiwa na mwenzako huugusi mpaka yeye mwenyewe akuachie, kwa sauti yake. Si mke, si mdogo wake. Nilimweleza habari ya mikono. Alisikitika, kisha akarudia lilelile. Nimeshindwa kumchukia. Otim angejibu hivyohivyo.

Sijala leo.

Jumatano, 16 Aprili

Otim amekuja asubuhi na pistoni yake mfukoni, imefungwa gazeti. Hakusalimia. Akaketi kwenye benchi langu, akaivuta mashine.

"Kama wewe umeshindwa, mimi nafunga."

Nikamwacha. Ringi akazivalisha vizuri. Nilimtazama. Kila kitu alikifanya kwa macho, ameinama pua inakaribia kugusa chuma. Pini ikaingia. Ikabaki klipu, ule waya mdogo wa mviringo unaoizuia pini isichomoke. Ni kazi ya ncha za vidole, hakuna kifaa kinachoifanya vizuri kuliko vidole.

Akainyanyua kutoka mezani. Akaileta kwenye pistoni, akaielekeza kwenye mfereji wake, akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa nguvu, ameuma mdomo. Vidole vilikuwa vitupu. Klipu ilikuwa bado mezani, pale pale ilipokuwa.

Akaiona. Akajaribu upya. Safari hii ilimdondoka njiani na hakujua mpaka ilipogonga sakafu. Nikaiokota nikaiweka mezani. Akajaribu. Wachomeleaji wa jirani wanapiga kelele zao, mteja anachungulia, nikamfukuza kwa jicho. Ningeweza kuifunga ile klipu kwa pumzi moja. Sikumsaidia. Nilitaka aone mwenyewe, na nilijichukia kwa kutaka hivyo.

Mwishowe akaweka mikono magotini.

"Rashidi. Wewe umejua lini?"

"Siku ile uliyochagua nyepesi, kaka."

"Ile ilikuwa nyepesi?"

Nikaitika. Akaitazama mikono yake, kwanza ndani, kisha nje. Sijawahi kumwona kaka yangu anaogopa. Si baba alipofariki, si yeye alipoanguka mwaka ule na kuvunja mguu. Leo nimemwona.

Akatoka nje, akasimama kwenye vyuma chakavu, amenipa mgongo. Nikalia kidogo huku nikijifanya natafuta spana. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Nipigie Kizito."

Nikapiga, nikamshikia simu sikioni. Walisemezana kwa Kiganda. Hayakuwa mengi. Mti ni wako. Chukua mashine yangu. Nyumba iko upande wa ziwa, usiliamini lile tawi kubwa.

Alipoondoka nikaitoa pistoni yake, nzito kwa bahati tu, nikafunga ile nyepesi iliyobaki kwangu. Mashine ikawaka mara ya pili ya kuvuta. Inanguruma vizuri. Sikufurahi hata chembe.

Alhamisi, 17 Aprili

Ggaba. Tulikwenda sote. Kizito juu na mashine ya Otim, Otim chini akionyesha kwa mkono tawi gani kwanza. Hakupaza sauti. Mkaratusi ulishuka vipande vipande, hakuna bati lililobonyea. Watoto walianza kuchezea majani kabla hata kamba hazijakunjwa.

Mwenye nyumba alimshika Kizito mkono kwa muda mrefu. Kisha akakumbuka, akamgeukia Otim, akamshika na yeye. Iliniuma kama nimetukanwa mimi.

Njiani Kizito alitaka kurudisha mashine. Otim alimwambia akae nayo kwanza.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Otim alifuata dini ya baba, mimi ya mama, lakini sikukuu zote tunakula pamoja tangu kambini. Nimekwenda kwao mapema. Akello alikuwa ameshatangulia kanisani na wanakwaya wenzake.

Otim alikuwa chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, shati jeupe limepigwa pasi, kifua wazi. Mlango hakuufunga, wala hakuniita. Sijui alikuwa amekaa vile tangu saa ngapi.

Nikainama mbele yake, nikaanza na kifungo cha juu. Aliinua kidevu ili nipate nafasi. Nikamaliza vya mbele, nikamfunga vya mikononi, wa kulia kisha wa kushoto.

Akaniuliza kama kola imekaa sawa. Nikamwambia imekaa sawa.