Maji Yasiyosikia Neno

Shangazi yangu mpendwa,

Utashangaa leo naanza bila kukuamkia, mimi uliyenifinya sikio mpaka nikajua kumwamkia kila aliyenizidi hata mwaka mmoja. Usinune. Salamu yako ninayo, nimeiweka, nitakupa mwishoni. Kwanza kuna jambo nimelificha tangu nikiwa na miaka kumi, na wewe umelala kibanjani, chini ya migomba yetu pale Chonyonyo, huu mwaka wa pili bila kulisikia.

Nianze na kibuyu. Kilining'inia nyuma ya mlango wa jikoni, shingo ndefu, kimekuwa cheusi kwa moshi, na ole wake atakayekigusa. Ndoo ulikuwa nayo, madumu ulikuwa nayo, lakini ulisema maji ya kazi hayaingii kwenye plastiki. Kazi, ndivyo ulivyoiita. Kanisani waliita uchawi. Mchungaji akiwakemea wanaochezea maji, wewe uko benchi la mbele na kitenge chako cha Jumapili, unaitikia amina kuliko wote. Jumatatu mzee wa kanisa aliyeketi pembeni yako anapenya migombani kuja kuoshwa mgongo. "Amina ya jana umeiacha wapi?" unamchokoza. Naye, bila kuinua macho: "Osha, Ma Koku, tutaongea baadaye."

Waliletwa watoto wanaoshtukashtuka. Walikuja mke na mume waliogombana mpaka hawapikiani. Mwenye homa ulimuuliza kwanza, "Hospitali umekwenda? Nenda, maji hayakimbii." Akirudi ndipo unamwosha uso, viganja na nyayo, unanong'ona na yale maji kwa Kinyambo kama mtu anayembembeleza shemeji mkorofi. Mimi nilikaa pembeni nimeshika taulo, najiona mkubwa.

Maana kuteka ilikuwa kazi yangu. Goti lako la kushoto halikukunjika, na njia ya kwenda chemchemi ni mteremko unaomchosha hata mbuzi. Sharti lilikuwa moja: maji yasisikie neno. Nikishashika kibuyu asubuhi, mpaka nikiweke mikononi mwako, nisitamke kitu. Nisiimbe, nisiite, nisimwamkie mtu hata awe mwenyekiti wa kijiji. Mdomo wa kibuyu tuliuziba kwa jani la mgomba, na wenyeji wakiliona jani lile waligeukia mibuni yao wakaniacha nipite. Isipokuwa Ta Kato, jirani yetu, unamkumbuka? Akinikuta njiani alijiziba mdomo kwa viganja viwili, macho yamemtoka, ili tu nicheke. Nilijiuma ulimi mpaka nyumbani, na nikishakukabidhi kibuyu nacheka mpaka nakaa chini, nawe unacheka kabla hujajua kuna nini. Nazitamani sana asubuhi zile, Shangazi. Umande miguuni, kahawa inachanua, na wewe umesimama mlangoni unanisubiri.

Halafu Mama akaugua. Baba, kaka yako, alishatangulia, kwa hiyo nyumbani tulikuwa sisi watatu tu. Hospitali walimtibu, wakasema arudi apumzike. Hakupata nafuu. Asubuhi moja ukanipa kibuyu nikamtekee.

Nilishuka vizuri, nikateka vizuri. Wakati wa kupanda nikafika njia panda, kwenye duka la Mzee Salumu. Watu wake walitoka pwani, na mambo ya jani la mgomba hakuyajua. Siku zote nilipita bado kafunga; siku hiyo alikuwa nje anafagia.

"Adela, hujambo?"

Mdomo ukajibu wenyewe. "Sijambo. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaingia ndani, akaniletea peremende, na mimi kwa adabu ileile uliyonifundisha nikaipokea, nikaitia mdomoni.

Ndipo nikakumbuka kibuyu mkononi. Ningemwaga nirudi bondeni, lakini jua lilishapanda na Mama alikuwa ananingoja. Nikaja hivyohivyo. Nikakukabidhi kibuyu nikitazama chini. Ukanitazama usoni, ukaniambia niende mwisho kabisa wa kibanja nikakate majani ya kufunikia ndizi, nichague mapana, nisikimbie.

Niliporudi nikakukuta unaingia kwa mlango wa nyuma. Umejitanda kitenge mpaka kifuani, upindo wa kanga umelowa tope, unachechemea vibaya. Nikaita, "Shangazi." Hukujibu. Nikaita tena. Ukanipita kama hunioni, ukaingia chumbani kwa Mama, ukafunga mlango.

Nikajua umeshajua.

Mama alifariki siku ya tatu. Ulisema neno moja tu mbele ya waombolezaji, "Maji yamekataa," ukakitundika kibuyu. Hukunituma tena bondeni, na hukumwosha mtu tena. Kila nilipopita nyuma ya ule mlango nilisikia kibuyu kinanisema.

Shangazi, miaka zaidi ya thelathini niliamini nimemuua mama yangu kwa shikamoo. Ningemwambia nani? Mchungaji? Nimwungamie nini, kwamba nilimwamkia mkubwa? Wewe ulinilea, ukanifundisha cherehani, ukalia harusini kwangu mpaka wakakutoa nje, wala hukuwahi kunigusia asubuhi ile. Wema wako ulinichoma. Nilisema moyoni, ananihurumia, ila kusamehe hajasamehe. Hata ulipokuwa unaumwa mwishoni nilikushika mkono siku nzima, nikaishia kukuhadithia habari za wateja wangu.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita Mzee Salumu alikuja kwangu Kayanga, pale ninaposhonea karibu na stendi. Amezeeka, amepungua kimo, akataka nimpunguzie kanzu. Namshikia upindo kwa pini, yeye anaongea, unamjua.

"Wewe Adela ulikuwa na adabu tangu mdogo. Shangazi yako, Mungu amrehemu, ndiye alinishinda."

"Alikufanya nini, Mzee?"

"Mama yako anaumwa. Wewe umepita, umeniamkia vizuri, nikakupa peremende. Sijamaliza chai, namwona yeye anapanda kutoka bondeni, kibuyu kilekile, anaburuta mguu. Namsalimu, kimya. Namuuliza mgonjwa anaendeleaje, kimya. Jirani yangu kabisa! Nilimnunia mwaka mzima."

Pini zikanimwagika zote. Mzee akadhani nimeona haya kwa niaba yako, akaanza kunibembeleza. "Basi, mwanangu, basi. Nilishamsamehe zamani." Nililia mbele ya wateja, Shangazi, na kanzu yake nimeikumbatia.

Kumbe uliyamwaga yale yangu. Kumbe uliniona shavu limetuna kwa peremende, ukanituma majani mapana ili nisikuone ukishuka, wewe na goti lile, kwenye mteremko ule. Nilipokuita mara mbili ulikuwa na maji kifuani chini ya kitenge. Ndiyo maana hukujibu. Mama alioshwa kwa maji ambayo hayakusikia neno, umeyateka wewe mwenyewe, na bado akaondoka. Wewe ndiye uliyebaki na hilo. Sijui kama ulikiacha kibuyu kwa sababu uliacha kuyaamini maji, au hukutaka tena mtoto abebe mzigo wa namna ile. Sitakuuliza.

Ila nimekukasirikia, nisikudanganye. Neno moja tu lingenitosha. Ulidhani sijui kuwa unajua, nami nilidhani hutaki kunisamehe, na tulikuwa tunakula sahani moja. Kisha nakumbuka kwamba hata mimi sikusema, na hasira inaisha.

Juzi nilikuja Chonyonyo. Nilikitoa kibuyu kwenye msumari, nikakisafisha, nikaziba kwa jani. Siku hizi watu wana mabomba, njia ya chemchemi imefunikwa na majani, nimeshuka kwa makalio sehemu mbili na ungecheka sana. Nikateka. Njia panda kijana wa bodaboda akaniita, "Mama, twende?" Sikumjibu, akaondoka akiguna. Nikakileta mpaka ulipolala, nikayamimina yote taratibu, upande wa miguu, pale ambapo goti lako lingekuwa.

Ndipo nikafungua mdomo. Nilikuamkia, nikasubiri unijibu, kwa mazoea tu. Kimya. Nilikaa pale kwenye udongo uliolowa mpaka jua likawa kali, na kwa mara ya kwanza kimya chako hakikunitisha.

Kibuyu nimeondoka nacho. Na ile salamu niliyokuahidi, ndiyo hii, ileile iliyonitoka njia panda:

Shikamoo, Shangazi.

Binti wa kaka yako, mteka maji wako,
Adela